Kidole kikikataa, kosa si la mwenye kidole

Mashine nyingi za kugusa hazihisi chochote. Zinatazama mwanga. Mfanyabiashara wa mpakani akilijua hilo atajiepusha na aibu, hasara na matapeli.

Foleni kwenye kibanda cha kusajili laini pale Sirari haikuwa ndefu, lakini ilikuwa imesimama. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye simu yake ilikuwa imeibwa siku mbili kabla. Mzigo wake ulishavuka kwenda Isebania na mnunuzi alishamtumia fedha. Fedha zilikuwa kwenye laini, na laini haikuwa mkononi mwake. Ili arudishiwe, alitakiwa kuweka kidole.

"Weka tena, mama," kijana wa kibanda akamwambia. Akaweka. Mashine ikawasha mwanga wake mwekundu, ikangoja kidogo, ikakataa. "Jaribu cha pili." Kikakataa. "Futa mikono, mama yangu." Akafuta kwa kanga yake. Kikakataa tena. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda hata laini yenyewe si yake. Mama alisikia. Hakujibu. Aliendelea kubonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi.

Kila anayefanya biashara mipakani anaijua hali hii. Tangu Mei 2019 Tanzania inasajili laini za simu kwa alama za vidole, na baada ya Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki nayo haipatikani bila kuweka vidole. Siku hizi kidole ndiyo saini, na kikikataa, biashara inalala.

Lakini kwa nini kikatae? Jibu linaanzia kwenye swali jingine: mashine inajuaje kwamba umeigusa?

Haihisi, inaona

Tuanze na simu yako. Kioo cha simu nyingi za kupangusa hutumia umeme mdogo sana. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kidole kikikaribia kioo, simu inatambua badiliko. Ndiyo maana ukivaa glavu nene au ukigusa kwa kofia ya kalamu, simu haiitiki.

Mashine za mwanga ni ukoo mwingine. Hazijali umeme wa mwili wala uzito wa mkono. Zinachofanya ni kurusha mwanga na kuutazama kila wakati. Mwanga ukizuiwa, ukitawanyika au ukipotea mahali fulani, zinahesabu kwamba hapo pameguswa. Ukoo huu una njia tatu kubwa, na zote tatu zimefika kwenye soko letu.

Njia ya kwanza: wavu wa miale

Chukua fremu ya dirisha. Kwenye ubavu wa kushoto panga taa ndogo za ledi, na ubavu wa kulia panga macho ya kielektroniki, kila taa ikitazamana na jicho lake. Fanya hivyo hivyo juu na chini, kisha washa. Mbele ya kioo sasa kuna wavu wa miale usioonekana, kwa kuwa taa hizo hutoa mwanga wa infraredi, ndugu wa ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni.

Ukiweka kidole, unakata mwali mmoja uliolala na mwingine uliosimama. Macho mawili yanakosa mwanga wake, na kompyuta inajua papo hapo ni wapi mistari hiyo miwili inakutana. Ni kama unavyomwelekeza mteja sokoni: safu ya tatu ya vitenge, meza ya tano.

Wazo hili lina umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 kompyuta ya PLATO IV ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia, ilikuwa na skrini yenye wavu wa miale 16 kwa 16, yaani sehemu 256 ambazo mwanafunzi angeweza kugusa ili kuchagua jibu. Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard ikaingiza sokoni HP-150, kompyuta ya mezani iliyotumia mtindo huohuo. Miale yake ilipita kwenye vitundu vidogo pembezoni mwa skrini. Vumbi likaingia humo, na watumiaji wakawa na kazi ya kuvisafisha.

Leo vitundu hivyo vimezibwa kwa ukanda wa plastiki nyeusi unaopitisha infraredi. Wavu huo ndio uliomo katika mbao nyingi kubwa za kielektroniki zinazouzwa kwa shule, hoteli na kumbi za mikutano. Mwaka 2011 hata visomea vitabu vya Kindle Touch na Nook Simple Touch viliutumia, kwa sababu hauhitaji kuweka tabaka jingine juu ya kioo.

Wavu una udhaifu wake. Ukigusa kwa vidole viwili kwa pamoja, miale miwili ya kulala na miwili ya kusimama inakatika, na mistari hiyo inakutana mahali panne. Mawili ni vidole, mawili ni mizuka. Fremu nzuri hukwepa tatizo hilo kwa kuifanya kila taa itazamwe na macho mengi ya upande wa pili, ili kuwe na miale ya mshazari pia. Fremu duni huchanganyikiwa.

Njia ya pili: kamera za pembeni

Fikiria watu wawili wamesimama kwenye ncha mbili za mwalo, wote wakiutazama mtumbwi uleule ziwani. Kila mmoja ananyoosha mkono kuuelekea. Mmoja peke yake anaweza kusema mtumbwi uko upande gani, lakini hawezi kusema uko mbali kiasi gani. Wakiwa wawili, pale mistari ya mikono yao inapokutana ndipo mtumbwi ulipo.

Skrini za aina hii zina kamera ndogo kwenye kona za juu, na kingo zake zinang'aa kwa infraredi. Kidole kikisimama, kila kamera inaona alama nyeusi kwenye ukingo unaong'aa. Kompyuta inapima pembe mbili na kupata mahali. Ubaya wake ni kwamba kidole kimoja kinaweza kujificha nyuma ya kingine, kama mtumbwi nyuma ya jahazi. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huongeza kamera.

Njia ya tatu: mwanga uliofungwa ndani ya kioo

Hii ndiyo inayotupeleka kwa mama wa dagaa.

Aliyewahi kuzamia ziwani akatazama juu kwa mshazari anajua kwamba uso wa maji unameta kama kioo cha kujitazamia. Mwanga ulio ndani ya maji au ndani ya kioo haupati ruhusa ya kutoka hewani kwa pembe yoyote. Katika kioo cha kawaida, ukigonga uso kwa mshazari unaozidi takriban nyuzi 42 kutoka mstari wa wima, hautoki. Unarudi ndani wote. Wanafizikia huita hali hiyo uakisi kamili wa ndani.

Mwanga huo unabaki mfungwa kwa sharti moja tu: nje ya kioo kuwe na hewa. Ngozi ikigusa kioo, hewa inaondoka mahali hapo, na mfungwa anapata mlango.

Mwaka 2006 mtafiti Jeff Han wa Chuo Kikuu cha New York alisimama mbele ya hadhira ya mkutano wa TED na kuonyesha skrini kubwa iliyofanya kazi hivyo. Infraredi ilizunguka ndani ya bamba la plastiki angavu. Kila kidole kilipogusa, mwanga ulitoroka na kutawanyika, na kamera iliyokuwa nyuma ya bamba ikaona doa linalong'aa. Vidole kumi, madoa kumi. Watu walimwona akivuta na kupanua picha kwa mikono miwili, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kwa wengi.

Mashine ya alama za vidole yenye kioo kinachowaka taa hutumia kanuni hiyohiyo, ila inatazama kutoka upande mwingine. Chini ya kioo chake kuna kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu. Mwanga unaingia kwa upande mmoja, unagonga uso wa juu kwa mshazari, unarudi na kuingia kwenye kamera. Ngozi ya kidole ina matuta na mifereji, kama shamba la viazi. Tuta linapogusa kioo, mwanga unatoroka, na kamera inaona mstari mweusi. Juu ya mfereji kuna hewa bado, kwa hiyo mwanga unarudi na kamera inaona weupe. Mistari hiyo myeusi na myeupe ndiyo picha ya kidole chako.

Kwa hiyo mashine haikujui wewe. Inachosoma ni mahali ambapo ngozi imekutana na kioo na mahali ambapo hewa imebaki.

Kazi ya mikono inafuta saini

Sasa tuuangalie mkono wa mtu anayeanika dagaa. Kila siku anawageuza mchangani na kuwakusanya. Mchanga na chumvi vinakwangua matuta ya ngozi mpaka yanakuwa mafupi. Hali ni hiyohiyo kwa mpakuaji wa mifuko ya saruji, mpasua kokoto, fundi ujenzi, mfua nguo kwa sabuni kali na mkulima wa jembe. Umri nao unaifanya ngozi iwe kavu na laini. Tofauti ya urefu kati ya tuta na mfereji inapungua, na kamera inaona ukungu badala ya mistari.

Ukavu una shida yake. Ngozi kavu haishiki kioo vizuri. Hewa nyembamba inabaki katikati, mwanga hautoroki, na mistari inatoka ikiwa imekatikakatika.

Majimaji nayo yana shida ya kinyume. Maji yakijaa kwenye mifereji yanaifukuza hewa, mwanga unatoroka kila mahali, na kamera inaona doa moja jeusi. Jasho la foleni linatosha kuleta tatizo hilo.

Kubonyeza kwa nguvu kunaharibu zaidi. Matuta yanalala na kugusana, na mifereji inafungwa. Alichokuwa akifanya yule mama kwa wasiwasi ndicho kilichokuwa kikimzidishia tatizo.

Mwisho kuna kioo chenyewe. Mafuta ya vidole vya watu thelathini waliotangulia yamebaki juu yake. Mahali penye mafuta, mwanga unatoroka hata kabla hujaweka kidole. Katika hali hiyo kosa ni la kioo, na adhabu unaipata wewe.

La kufanya kidole kikikataa

Kwanza, omba kioo kifutwe kwa kitambaa laini na kikavu. Ni ombi la haki na halimchukui mhudumu hata nusu dakika.

Pili, osha mikono, kisha ikaushe kabisa. Kama ngozi ni kavu sana, paka mafuta au losheni kidogo mno, sugua mpaka yaingie, halafu futa kilichobaki. Wengine hugusa paji la uso kwa kidole, na mafuta ya asili ya ngozi yanatosha.

Tatu, laza kidole, usisimamishe ncha. Sehemu yenye taarifa nyingi ni katikati ya nyama ya kidole, pale mistari inapozunguka. Gandamiza kwa kiasi, kama unavyobonyeza muhuri, na utulie mpaka taa izime.

Nne, jaribu mkono mwingine. Mkono unaofanya kazi ndiogo ndiyo unaochakaa zaidi, na mara nyingi mkono wa pili una mistari hai. Kwa hiyo unapoandikishwa mara ya kwanza, kwa kitambulisho au pasipoti, hakikisha vidole vyote vinavyotakiwa vimechukuliwa vizuri. Ndiyo akiba yako.

Tano, kama una nafasi, rudi baada ya siku kadhaa za kupumzisha mikono. Ngozi hujijenga upya, na matuta yaliyokwanguliwa juujuu hurudi.

Sita, na hili ni la kulinda mfuko: usiweke kidole mara nyingi bila kujua kwa nini. Wapo matapeli wanaomwambia mteja "kimekataa, weka tena" wakati kimekubali, na kila anapoweka wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Laini hiyo ikitumika kwa wizi, wa kwanza kutafutwa ni mwenye kidole. Omba kuona ujumbe wa kukataliwa kwenye skrini kila mara. Nchini Tanzania unaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, toa taarifa. Wala usikubali mtu mwingine akuwekee kidole chake "kukusaidia", maana laini itakuwa yake kisheria, na fedha zako zitakuwa humo.

Kwa wanaonunua na kuuza skrini

Bidhaa hizi sasa zinapita mipakani kama vitenge. Anayezitoa Kariakoo kuzipeleka Bujumbura au Lubumbashi hana nafasi ya kurudisha kilichoharibika. Ukijua namna zinavyofanya kazi, unaweza kuzipima kabla ya kulipa.

Fremu ya infraredi jaribu kuigusa kwa kofia ya kalamu. Ikiitika, ni ya mwanga kweli au ni ya mgandamizo. Kisha weka kofia hiyo karibu sana na kioo bila kukigusa. Fremu ya miale huitika milimita chache kabla ya mguso, kwa sababu wavu umepita juu ya kioo. Skrini ya mgandamizo haiitiki mpaka ubonyeze.

Fungua programu ya kuchorea, uchore mstari wa mshazari polepole kutoka kona hadi kona, halafu kona nyingine mbili. Mstari ukikatika au ukiruka mahali palepale kila mara, kuna taa au jicho lililokufa. Chora pia kwa vidole viwili pamoja ili uone kama mizuka inatokea.

Kamera ya simu inaweza kukusaidia kuona usichokiona. Kwanza ielekeze kwenye rimoti ya televisheni na ubonyeze. Ukiona taa ya zambarau au nyeupe kwenye simu, kamera yako inaona infraredi. Isipoona, jaribu kamera ya mbele. Kisha tazama kingo za fremu iliyowashwa. Mara nyingi utaona taa zikimeta, na palipo na giza patakuonyesha penye hitilafu.

Mwambie mnunuzi wako ukweli kuhusu jua. Mwanga wa jua una infraredi nyingi, na ukipiga moja kwa moja kwenye fremu unaweza kuyapofusha macho yake. Ubao unaofanya kazi vizuri dukani unaweza kugoma darasani kwenye dirisha la magharibi saa kumi jioni. Mwambie pia kwamba nzi, mkono wa kanzu au karatasi iliyobandikwa ukingoni vyote vinahesabiwa kuwa kidole. Kabla ya kuita fundi, afute kingo kwa kitambaa kikavu. Malalamiko mengi ya kwamba skrini inajibonyeza yenyewe huishia hapo.

Mkono wa kushoto

Pale Sirari, kijana wa kibanda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mashine aliyopewa hakuelezwa inafanyaje kazi. Nilimwomba afute kioo. Akakifuta kwa upindo wa shati lake, na ukungu wa mafuta ukaonekana kwenye kitambaa. Mama akaketi kidogo kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti, mpaka jasho likakauka.

"Mama, unakusanya dagaa kwa mkono gani?" nikamuuliza.

Akaninyooshea wa kulia.

Akaweka kidole cha shahada cha kushoto, taratibu, bila kukikandamiza. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Kijana akaigeuza skrini ili na yeye aone: imekubali. Yule aliyekuwa ameguna nyuma yetu alikuwa anatazama barabara.

Mama alichukua laini, akaiweka kwenye simu ya kuazima, akasubiri mtandao ushike. Ujumbe wa mnunuzi wa Isebania uliingia wa kwanza. Mzigo umefika, aliandika, na wiki ijayo anataka magunia mawili zaidi.